Swali la Seneta Padilla Lilivyoishia Koridoni

Wengi waliotazama video ya Seneta Alex Padilla akitolewa kwenye mkutano wa Waziri wa Usalama wa Ndani wa Marekani, Kristi Noem, na waandishi wa habari wanalikumbuka kama tukio moja. Mimi naona ni matukio mawili yaliyoshonwa pamoja, na mjadala uliofuata ulikwenda mrama kwa kuwa hakuna aliyetaka kuyafumua. La kwanza lilitokea ukumbini: mtu alimkatiza waziri akiwa anazungumza, walinzi wakamsukuma nje. La pili lilitokea koridoni: mtu yule yule, akiwa ameshajitaja jina na cheo, alipigishwa magoti, akalazwa kifudifudi na kufungwa pingu mikono ikiwa nyuma. Anayeyatetea yote mawili kwa hoja moja atakwama kwenye la pili. Anayeyalaani yote mawili kwa pumzi moja atakwama kwenye la kwanza.

Ilikuwa Alhamisi, Juni 12, 2025, katika jengo la serikali kuu lenye ghorofa 17 huko Wilshire Boulevard, magharibi mwa Los Angeles. Jiji lilikuwa kwenye wiki ngumu. Juni 6 maofisa wa uhamiaji, ICE, walikuwa wamefanya misako sehemu za kazi na kwenye maegesho ambako vibarua husubiri kuchukuliwa. Maandamano yakazuka. Rais Donald Trump akawachukua askari wa Walinzi wa Taifa wa California na kuwaweka chini ya amri yake bila ridhaa ya Gavana Gavin Newsom, kwanza 2,000, kisha wakafika 4,000, na juu yao askari 700 wa Marine. Siku hiyo hiyo ya Alhamisi, huko San Francisco, Jaji Charles Breyer aliamua kwamba askari wale walichukuliwa kinyume cha sheria, na kabla usiku haujakwisha mahakama ya rufaa ikauzuia uamuzi wake.

Padilla hakuwa amekuja kwenye jengo lile kumtafuta Noem. Alikuwa na miadi ya kupewa maelezo na Jenerali Gregory Guillot, mkuu wa kamandi ya kijeshi inayosimamia Amerika Kaskazini. Kikao kilichelewa. Akasikia kwamba Waziri wa Usalama wa Ndani yuko hapo hapo, vyumba vichache mbele, anaongea na waandishi. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliomba kwenda kusikiliza, na waliomsindikiza hadi ukumbini walikuwa askari wa Walinzi wa Taifa na ofisa wa FBI. Jambo hilo la kusindikizwa litazame vizuri, kwa sababu nitalirudia.

Alisimama akasikiliza kwa muda. Noem akasema wako pale kulikomboa jiji kutoka mikononi mwa wasoshalisti na kutoka kwenye uongozi wa gavana yule na meya yule. Gavana na meya wanaosemwa ni watu waliochaguliwa, na jiji linalotakiwa kukombolewa ndilo alikozaliwa seneta huyo. Padilla akapaza sauti. Walinzi wakawa tayari wamemshika. Akawataka wamwachie, akasema yeye ni Seneta Alex Padilla na ana maswali kwa waziri, akaanza kugusia wahalifu nusu dazeni ambao picha zao wizara ilikuwa ikizionyesha. Sentensi hiyo haikufika mwisho. Mlango ukafunguka, akatolewa.

Koridoni msaidizi wake mmoja alikuwa akirekodi kwa simu. Ndiyo maana tunajua kilichotokea huko. Ofisa mmoja anasikika akimwambia kwamba kurekodi hakuruhusiwi eneo hilo. Kamera kubwa za televisheni zilibaki ukumbini zikimwelekea waziri, ambaye alikuwa akiendelea na hotuba yake.

Kwa msomaji asiyemfahamu: Padilla ni mtoto wa wahamiaji kutoka Mexico, baba mpishi, mama msafishaji wa majumbani, amekulia Pacoima katika bonde la San Fernando. Alisomea uhandisi mitambo MIT, akamaliza mwaka 1994, mwaka ule ule California ilipopigia kura pendekezo namba 187 la kuwanyima wahamiaji wasio na vibali huduma za umma, na amesema mara nyingi kwamba jambo hilo ndilo lililomwingiza kwenye siasa. Aliteuliwa kuingia Seneti Januari 2021 kujaza nafasi ya Kamala Harris, akachaguliwa na wananchi mwaka 2022. Ni Mlatino wa kwanza kuiwakilisha California katika Seneti. Na ndiye Mdemokrat mwenye nafasi ya juu kabisa katika kamati ndogo ya Seneti inayoshughulikia uhamiaji. Kwa maneno mengine, jambo lililozungumzwa na Noem siku ile ni kazi yake ya kila siku.

Taarifa ya wizara ilitoka upesi. Ilisema Padilla amefanya mchezo wa kuigiza usio na heshima, kwamba alimvamia waziri bila kujitambulisha na bila kuvaa pini ya usalama ya Seneti, kwamba aliamriwa mara kadhaa arudi nyuma akakaidi, na kwamba Secret Service walidhani ni mshambuliaji. Spika wa Baraza la Wawakilishi, Mike Johnson, akasema tabia ile inastahili angalau karipio rasmi. Upande wa pili, kiongozi wa Wademokrat katika Seneti, Chuck Schumer, akasema roho ilimchafuka. Lisa Murkowski wa Alaska, Mrepublican, naye alishtuka waziwazi. Kiongozi wa wengi, John Thune, akasema atakusanya taarifa kwanza. Na baada ya hapo, kwa siku kadhaa, taifa zima likawa linabishana kuhusu sekunde: alitaja jina kabla ya kushikwa au baada?

Ubishi huo wa sekunde ulinichosha mapema. Ukitazama video kwa haki, neno “bila kujitambulisha” halisimami, kwa sababu jina linasikika wazi akiwa bado ukumbini. Lakini tukubali pia kwamba mtu anayepaza sauti na kusogea mbele kwenye ukumbi uliojaa walinzi wa waziri, wiki ambayo jiji limefurika askari, hawezi kushangaa akishikwa. Mlinzi hana nafasi ya kusoma wasifu. Kazi yake ni kuweka umbali kati ya mtu na mtu, kisha maswali yafuate. Kwa hiyo ukumbini mimi nawapa walinzi haki yao. Sipendi namna walivyofanya, lakini naelewa.

Na tusijifanye kwamba kutolewa mtu kwenye mkutano wa aina hii ni jambo lililoanza mwaka 2025. Agosti 2015, huko Dubuque, Iowa, mwandishi maarufu wa Univision, Jorge Ramos, alisimama kumuuliza Trump, wakati huo akiwa mgombea, kuhusu sera yake ya uhamiaji. Aliambiwa akae, hakukaa, mlinzi akamtoa nje. Wachache hukumbuka kilichofuata: alirudishwa, akauliza, wakabishana kwa dakika kadhaa mbele ya kamera. Januari 2025 Antony Blinken, siku zake za mwisho kama waziri wa mambo ya nje wa serikali ya Joe Biden, alikatizwa na waandishi waliokuwa wakimuuliza kuhusu Gaza, na mmoja wao, Sam Husseini, alibebwa na walinzi mzimamzima hadi nje. Wademokrat waliokuja kulia miezi mitano baadaye hawakusikika sana siku hiyo. Nalisema hili kwa sababu nimesoma makala nyingi zinazoeleza jambo la Padilla kana kwamba ni la chama kimoja tu. Mkutano wa waziri na waandishi ni chumba cha waziri. Yeye ndiye anayechagua mada, anayenyoosha kidole kwa muulizaji, anayesema “asanteni” na kuondoka. Tangu zamani serikali za vyama vyote zimekilinda chumba hicho.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa mwakilishi Al Green wa Texas. Machi 4, 2025, Trump alipolihutubia Bunge, Green alisimama, akainua fimbo yake na kukataa kukaa. Spika Johnson akaamuru mpambe wa Bunge amtoe. Alitoka akitembea kwa miguu yake. Siku mbili baadaye Baraza lilimpa karipio kwa kura 224 dhidi ya 198, na Wademokrat 10 waliungana na Warepublican. Unaweza kusema adhabu ilikuwa kali au laini, lakini tazama nani alifanya nini. Bunge lilimtoa mjumbe wake lenyewe, kwa kanuni zake lenyewe, kwa kura zilizohesabiwa hadharani. Huko Los Angeles watumishi wa mhimili mmoja walimfunga pingu mjumbe wa mhimili mwingine.

Kwa hiyo twende koridoni.

Mlango umefungwa. Waziri yuko upande wa pili wa ukuta. Mtu aliyetolewa ameshajitaja jina. Chini ya koti amevaa fulana yenye maandishi ya Seneti ya Marekani. Ndani ya jengo hilo hilo kuna ofisa wa FBI aliyemsindikiza kuja ukumbini, na kuna jenerali mwenye miadi naye. Sasa kuna hatari gani iliyobaki? Hapa hoja ya “hatukumjua” inakufa. Kama tatizo lilikuwa kutojulikana, dawa yake ni kumsimamisha ukutani, kuuliza kitambulisho na kumwita yule ofisa aliyekuja naye. Dakika mbili zingetosha. Badala yake alilazwa chini.

Mahakama Kuu ya Marekani ina kipimo cha nguvu ya polisi, kilichowekwa mwaka 1989 katika kesi ya Graham dhidi ya Connor. Kipimo hicho kinamtazama ofisa kwa jicho la ofisa mwenzake mwenye busara aliyekuwa pale pale, siyo kwa jicho la sisi tunaoirudisha video mara kumi tukiwa tumekaa. Ni kipimo kinachowapendelea polisi, na wanasheria wengi wa haki za raia wamekilalamikia kwa miaka zaidi ya 30. Hata hivyo kinauliza mambo matatu: kosa lenyewe ni zito kiasi gani, mtu ni tishio la papo hapo kwa usalama, na je, anapambana au anakimbia? Weka Padilla wa koridoni kwenye maswali hayo. Kosa: kukatiza hotuba. Tishio: limeshabaki nyuma ya mlango. Kukimbia: aende wapi? Kwenye kupambana watetezi wa walinzi wana kitu cha kusema, maana ukumbini hakwenda kwa hiari, na naibu mkurugenzi wa FBI wakati huo, Dan Bongino, aliishikilia sana hoja hiyo. Mimi naiona nyembamba. Na serikali yenyewe iliithibitisha kwa kitendo chake, kwa sababu dakika chache baadaye pingu zilifunguliwa, hakukamatwa, hakushtakiwa, akaenda kukaa na waziri kuzungumza. Mshambuliaji hapelekwi chumbani kwa aliyetaka kumshambulia.

Hapa kuna hoja moja ambayo naiheshimu, nayo imesemwa na watu wa kawaida kuliko wanasiasa: kwani seneta ni nani? Mfanyakazi wa hoteli akipiga kelele mbele ya waziri atalazwa chini pia. Kwa nini tuhuzunike kwa sababu huyu ana cheo?

Kisheria wanaosema hivyo hawako mbali na ukweli. Katiba ya Marekani inawalinda wabunge wasikamatwe wakiwa kwenye vikao au njiani kwenda na kurudi, isipokuwa kwa uhaini, makosa makubwa ya jinai au uvunjaji wa amani. Kwa kuisoma tu mtu angedhani ni kinga kubwa. Lakini mwaka 1908, katika kesi ya mwakilishi wa Oregon aliyeitwa Williamson, aliyetiwa hatiani katika kashfa ya ardhi, Mahakama Kuu iliamua kwamba maneno yale matatu yanameza makosa yote ya jinai. Kinachobaki ni kinga dhidi ya kukamatwa kwa madeni na mashauri ya madai, mambo ambayo leo hayampeleki mtu rumande. Kwa hiyo Padilla hakuwa na ngao yoyote ya kikatiba koridoni, na hakudai kuwa nayo. Alichosema baadaye kilikuwa kinyume chake kabisa: kama hivi ndivyo wanavyomfanyia seneta mwenye swali, jiulize wanawafanyia nini vibarua wa mashambani, wapishi na wanaosubiri kazi za siku. Hakuomba atendewe tofauti na mfanyakazi wa hoteli. Alikuwa anasema mfanyakazi wa hoteli hana msaidizi mwenye simu koridoni wala Schumer wa kumsemea Washington.

Jibu hilo lilikuwa la mwanasiasa mzoefu, na lilikuwa la kweli pia. Mambo hayo mawili hukaa pamoja mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Ikulu ilisema ni maigizo. Sawa, yalikuwa maigizo kwa kiasi fulani, na Noem alikuwa na yake: mabango, picha za wahalifu, maofisa waliojipanga nyuma yake, maneno ya ukombozi. Siasa za hadharani haziendi bila jukwaa. John Lewis wa Georgia alikamatwa mara kadhaa akiwa mbunge, mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi, mbele ya ubalozi wa Sudan kwa ajili ya Darfur, na mwaka 2013 kwa ajili ya haki za wahamiaji. Kila mara alijua anakwenda kukamatwa, na polisi walijua kwamba anajua. Kulikuwa na adabu fulani katika kukamatwa kule. Padilla hakwenda kukamatwa. Alikwenda kuuliza akaishia sakafuni, na hiyo ndiyo tofauti iliyowafanya hata baadhi ya Warepublican wasijue waseme nini.

Lakini sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini, na ambalo mjadala uliligusa kidogo sana. Mwenye nafasi ya juu upande wa wachache kwenye kamati ndogo ya uhamiaji anatafuta nini kwenye mkutano wa waandishi wa habari? Kwa nini aombe nafasi nyuma ya kamera, akiwa na kiti kwenye kamati?

Alieleza mwenyewe: kwa miezi kadhaa yeye na wenzake walikuwa wakiandika kuuliza, na majibu yalikuwa machache au hakuna. Hili si lalamiko la Wademokrat peke yao wala halikuanza naye. Mei 2017, ofisi ya ushauri wa kisheria ya Wizara ya Sheria ilitoa maoni kwamba mjumbe mmoja mmoja wa Bunge hana mamlaka ya kuisimamia serikali. Mamlaka hayo, walisema, ni ya Bunge zima au ya kamati na mwenyekiti wake. Barua ya mjumbe wa kawaida ni ombi tu, serikali inaweza kulijibu ikipenda. Aliyekasirika kuliko wote alikuwa Mrepublican, Chuck Grassley wa Iowa, aliyemwandikia Trump barua kali kumtaka ayafute maoni hayo. Ikulu ikalainisha lugha. Msingi wake haukuondoka, kwa sababu kiutendaji ndivyo mambo yalivyo: mwenye hati ya wito ni mwenyekiti, na mwenyekiti hutoka chama chenye wengi. Mwaka 2025 mwenyekiti wa kamati kamili ya Seneti ya mambo ya sheria, ambayo kamati ndogo ya Padilla iko chini yake, alikuwa Grassley huyo huyo.

Ipo sheria moja ya mwaka 1928 inayowaruhusu wajumbe watano wa kamati moja maalumu ya Seneti, au saba wa kamati ya aina hiyo kwenye Baraza la Wawakilishi, kudai taarifa kutoka serikalini. Wajumbe wa Baraza walipokwenda mahakamani kuitumia kwenye sakata la hoteli ya Trump iliyokuwa kwenye jengo la serikali, kesi iliburuzwa miaka kadhaa, ikafika Mahakama Kuu, kisha wenye kesi wakaiondoa wenyewe. Mbunge wa upinzani anayetegemea chombo hicho awe na subira ya ajabu.

Swali likiulizwa mahali pake, linafanya kazi. Mei 20, 2025, wiki tatu tu kabla ya koridoni, Noem alikuwa mbele ya kamati ya Seneti ya usalama wa ndani. Maggie Hassan wa New Hampshire alimuuliza swali jepesi: habeas corpus ni nini? Noem akajibu kwamba ni haki ya kikatiba aliyonayo rais ya kuwaondoa watu nchini. Hassan akamrekebisha pale pale: ni ile kanuni inayoilazimisha serikali ieleze hadharani kwa nini imemshika mtu. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyesukumwa. Jibu likaingia kwenye kumbukumbu rasmi, na waziri hakuweza kusema “asanteni” akaondoka, kwa sababu chumba kile hakikuwa chake. Mcheza kwao hutunzwa. Hassan alichezea kwao. Padilla, ingawa Los Angeles ni kwao kwa kuzaliwa, alikwenda kuchezea kwa Noem.

Msomaji wa Dodoma au Nairobi anaweza kuona jambo hili kwa urahisi kuliko Mmarekani. Tanzania waziri ni mbunge, anakaa humo humo bungeni, na asubuhi kuna kipindi cha maswali. Alhamisi Waziri Mkuu huulizwa papo kwa papo. Najua majibu yake yalivyo: Serikali inatambua, Serikali inaendelea kutafuta fedha, fedha zikipatikana. Lakini swali la mbunge wa upinzani limeulizwa kwa haki, kwa zamu, na limo kwenye Hansadi. Kenya walipofuata mfano wa Marekani katika Katiba ya 2010 na kuwatoa mawaziri bungeni, waligundua haraka walichopoteza. Kamati zilikuwa na nguvu ya kuwaita, lakini mbunge wa kawaida alibaki hana wa kumuuliza uso kwa uso. Baada ya uchaguzi wa 2022 wakabadili kanuni za Bunge, na tangu 2023 mawaziri huja ukumbini kujibu. Washington haijawahi kuwa na kitu kama hicho. Mara kadhaa kwa zaidi ya karne moja wamependekeza mawaziri waje kuulizwa mbele ya mabaraza, na kila mara pendekezo limelala.

Ndiyo maana siwezi kumlaumu sana Padilla, na siwezi kumsifu sana pia. Alipata picha. Picha ilisambaa dunia nzima na ikawa hoja ya Wademokrat kwa wiki nzima, mpaka Makamu wa Rais JD Vance alipofika Los Angeles Juni 20 akamwita “Jose” Padilla, jina la mtu aliyefungwa kwa makosa ya ugaidi, wakati wawili hao walikuwa wameketi pamoja Seneti kwa miaka miwili. Msemaji wa Vance akasema lazima aliwachanganya watu wawili waliovunja sheria. Lakini swali lenyewe lilipotea. Uliza watu kumi waliotazama video ile seneta alitaka kuuliza nini, uone wangapi watakumbuka. Alikuwa anaanza kusema kwamba wizara inaonyesha sura za wahalifu wachache wakati misako inazoa watu wanaofua, wanaopika na wanaobeba mizigo. Ni swali la takwimu, na lilistahili jibu la takwimu: wangapi kati ya waliokamatwa wiki ile walikuwa na rekodi ya jinai, na ya kosa gani? Pingu zililimeza.

Wako wanaolisoma tukio hili pamoja na mengine ya msimu ule. Mei 9, Meya Ras Baraka wa Newark alikamatwa nje ya kituo cha kuwazuilia wahamiaji cha Delaney Hall, shtaka likafutwa siku kumi baadaye. Mwakilishi LaMonica McIver, aliyekuwa naye pale, akafunguliwa mashtaka ya kuwazuia maofisa. Siku tano baada ya Padilla, Brad Lander, wakati huo mdhibiti wa hesabu wa jiji la New York, alikamatwa kwenye mahakama ya uhamiaji akiwa ameshikana mkono na mhamiaji. Mfululizo upo, siupingi. Ila kesi hizo zina sheria zake. McIver alikwenda Delaney Hall akiwa na kifungu cha sheria ya bajeti kinachowapa wabunge haki ya kuingia kwenye vituo vya kuzuilia wahamiaji kufanya ukaguzi, na hiyo ni hoja nzito kuliko ya Padilla, ambaye hakuwa na sheria yoyote ya kumpa kipaza sauti cha waziri. Kuzichanganya zote kunawapa watetezi wa serikali nafasi ya kuijibu ile dhaifu na kuiacha ile yenye nguvu.

Baada ya pingu kufunguliwa, Noem na Padilla walikutana faraghani kwa takriban dakika 15. Noem alisema baadaye kwamba hawakubaliani kwa mengi lakini walibadilishana namba za simu. Magazeti yalilipokea hilo kama mwisho mwema. Mimi lilinikera kuliko pingu. Swali la hadharani la mwakilishi wa watu wapatao milioni 39 liligeuzwa mazungumzo ya watu wawili, bila karani, bila kumbukumbu, kisha likageuzwa namba kwenye simu.

Kurekebisha kasoro hiyo ya maswali kukosa jibu rasmi hakuhitaji kugusa Katiba. Kila baraza linajitungia kanuni zake, na Seneti inaweza kuwapa viongozi wa upande wa wachache kwenye kamati haki ya kupeleka maswali kadhaa kwa mwaka yenye tarehe ya mwisho ya kujibiwa, na kuzuia kura za uteuzi wa wizara isiyojibu. Maseneta hutumia vizuizi vya uteuzi mmoja mmoja tayari, kwa mambo madogo kuliko haya. Wademokrat walishika Seneti kuanzia Januari 2021 hadi Januari 2025, Grassley akiwa upande wa wachache na malalamiko yake ya 2017 yakiwa bado yako kwenye karatasi. Hawakuwapa Warepublican haki hiyo.